Sikio na Jicho: Tamasha la Zanzibar na Filamu za Kiswahili

Katika makala haya nakusudia kupima faida moja tu ambayo tamasha la filamu la kimataifa humpa mtengenezaji wa filamu, nayo ni faida ya kupata msikilizaji. Faida nyingine zimekwisha kuelezwa mara nyingi: zawadi, safari, kukutana na wasambazaji, jina kutajwa magazetini, na ile barua ya mwaliko ambayo mtu huionyesha anapokwenda kuomba fedha za filamu yake ya pili. Sizidharau faida hizo. Lakini mimi ni mtu wa isimu, wala si mtu wa biashara ya sinema, na kwa mtu wa isimu filamu ni watu wanaosemezana kabla haijawa kitu kingine chochote. Basi swali langu ni hili: mtu aliyetengeneza filamu kwa Kiswahili akaipeleka kwenye tamasha, ni nani anayeisikia, na ni maneno gani hasa yanayopimwa na waamuzi?

Tamasha nitakaloliangalia ni la Zanzibar. Lilianzishwa mwaka 1997, likafanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na kwa miaka mingi limefanyika mwezi wa Julai. Jina lake la pili ni Tamasha la Nchi za Jahazi, na kwangu mimi hilo ndilo jina lake hasa, kwani halitaji kisiwa bali bahari: nchi zote zilizofikiwa kwa kaskazi na kusi, tangu Ghuba na Bara Hindi hadi Komoro na Bukini. Zawadi yake kuu huitwa Jahazi la Dhahabu. Ukumbi wake unaojulikana zaidi ni Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Watu huketi wazi, bila paa, upepo wa bahari ukivuma, na mara nyingine adhana huingia katikati ya maneno ya waigizaji.

Haifai kusahau kwamba Unguja ilikuwa na watazamaji hodari kabla ya tamasha. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya sinema za Tanzania, ameonyesha jinsi kwenda sinema kulivyokuwa sehemu ya maisha ya mjini kwa muda wa vizazi kadhaa. Watu walizitazama picha za Kihindi ambazo wengi wao hawakujua lugha yake, wakatoka na nyimbo vichwani. Lakini tamasha lilipoanza, majumba mengi ya sinema yalikuwa yamekwisha kufungwa au kugeuzwa matumizi. Kwa hiyo tamasha halikuja kuongeza ukumbi mmoja juu ya kumbi nyingine. Lilikuja mahali pakavu.

Nimeketi Ngome Kongwe usiku mwingi, na jambo lililonifundisha zaidi halikuwa kwenye pazia bali kwenye kicheko cha watu. Filamu ya Kiswahili ikionyeshwa pale, kicheko huja mara mbili. Wageni, ambao macho yao yako kwenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, hucheka kwanza, kwa sababu maandishi hutokea yote kwa pamoja mara tu mwigizaji anapofungua kinywa. Wamekwisha kuusoma mwisho wa sentensi kabla haujasemwa. Wenyeji hucheka baadaye kidogo, neno lenyewe linapotamkwa. Pengine kicheko cha kwanza hulimeza neno, na bibi aliye mbele yangu humwuliza mwenziwe, "Kasemaje?" Na pengine huwa kuna kicheko kimoja tu, cha wenyeji, na wageni hugeuza vichwa kutazama wamekosa nini. Hicho cha mwisho ndicho ninachotaka kukizungumza.

Msomaji aijuaye kazi ya maandishi ya chini ataniwia radhi nikieleza kwa ufupi. Kwa desturi maandishi hayo hayazidi mistari miwili. Mstari mmoja hauzidi herufi 40 hivi. Nayo hayakai zaidi ya sekunde 6. Jicho lataka muda zaidi kusoma kuliko sikio kusikia, na kwa hiyo mfasiri hukata. Kukata si kosa. Ni sharti la kazi. Kosa huanza pale tunaposahau kwamba kilichobaki baada ya kukata ni kazi nyingine. Kiswahili nacho kina ugumu wake. Neno moja kama "hatukuwasahaulisha", lenye herufi 18, lahitaji maneno sita ya Kiingereza. Lakini wingi wa herufi ni shida ndogo, na mtu mwenye mazoezi huishinda.

Shida kubwa imo katika sarufi yenyewe na katika adabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Ni usiku, mlango umegongwa, watu wawili wamo ndani. Mmoja anauliza, "Kaja?" Mwenziwe anajibu, "Kaja." Anayesikia Kiswahili hajui kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, wala hapewi njia ya kujua mpaka mlango ufunguliwe, na mwandishi wa filamu ameijenga hofu ya onyesho lote juu ya kutojua huko. Kiingereza humlazimisha mfasiri achague. Akichagua, mlango umekwisha kufunguka kwenye maandishi wakati kwenye picha ungali umefungwa. Mfasiri hodari aweza kukwepa mara moja au mbili. Hawezi kukwepa filamu nzima. Nimepata kutazama filamu fupi, katika tamasha ambalo sitalitaja, ambamo siri ya dakika kumi ilitobolewa na neno moja la namna hiyo, na jirani yangu Mzungu akaniambia kwamba hadithi ile ni nzuri ila inatabirika. Haikuwa ikitabirika hata kidogo kwa yeyote aliyekuwa akiisikia.

Ama adabu, mfano wake mwepesi ni "shikamoo". Mke kijana anaingia nyumbani kwa mama mkwe, anaamkia, naye haitikiwi. Kwetu sisi onyesho limekwisha kusema yote: mama amekataa kumpa "marahaba", na kwa hiyo amemkataa mwana huyu. Katika maandishi ya chini "shikamoo" huwa ni salamu ya kawaida ya Kiingereza, ile isemwayo hata kwa mwuza magazeti, na kimya kinachofuata huonekana kama mama hakusikia vizuri. Hali kadhalika "ami" na "mjomba" hugeuka kuwa neno moja. Katika hadithi ya urithi au ya posa, tofauti baina ya ami na mjomba ndiyo hadithi yenyewe: huyu ana haki ya kuamrisha, yule ana ruhusa ya kutania. Mwamuzi asomaye atamwona mzee mmoja mkali na mzee mwingine mcheshi, akadhani ni tabia zao.

Tatizo hili si la leo wala la jana. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 katika jaribio la sinema ya mafunzo kwa Waafrika. Mengi katika jaribio lile yalikuwa ya dharau, na dhana yao juu ya akili ya mtazamaji wa Kiafrika haifai kurudiwa hapa. Lakini jambo moja walilijua: kwamba mtazamaji hana budi asikie. Maelezo yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika ya Mashariki na ya Kati, gari la sinema likienda na sahani za lugha ya mahali liendapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika ilipata filamu za mchezo zenye waigizaji wake yenyewe, na katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu.

Na katika siku zilizo karibu nasi zaidi, vibanda vya video vya Dar es Salaam vilizaa kazi ambayo wanaisimu tumechelewa kuichunguza: kazi ya wale wasimulizi waliotia Kiswahili juu ya filamu za kigeni, ambao Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa maarufu miongoni mwao. Msimulizi wa namna hii hafasiri, anahadithia. Anaeleza nani ni nani, anatia mzaha, anajibu swali ambalo mtazamaji hajaliuliza. Mkosoaji mkali atasema anaiharibu filamu, nami sitabisha sana. Lakini angalau anajua kwamba mbele yake pana masikio. Matamasha yetu, yenye elimu zaidi, yamechagua jicho.

Yafaa nikiri kwamba mimi mwenyewe nimekuwa upande wa pili. Nilipokuwa nikisomea udaktari Ulaya niliitazama Mandabi, filamu ya Sembène Ousmane ya mwaka 1968, aliyoitengeneza kwa Kiwolofu kutokana na hadithi aliyokuwa ameiandika kwa Kifaransa. Habari yake ni ya mzee Ibrahima Dieng, aliyetumiwa hundi ya fedha kutoka Paris, akashindwa kuipokea kwa kuwa hana kitambulisho. Nilisoma maandishi ya chini kwa bidii, nikaandika ukurasa mzima wa sifa na lawama, na katika lawama nikasema kwamba mazungumzo ya majirani ni marefu bila sababu. Mwanafunzi mmoja wa Senegal aliyeketi nami alikuwa amecheka muda wote wa mazungumzo hayo. Nilipomwuliza, alinieleza kwamba majirani wale hawakuwa wakizungumza. Walikuwa wakiomba fedha, kwa namna ya kuamkia. Maandishi yalikuwa yameandika salamu tu. Ukurasa wangu niliuchana, na tangu siku ile sijaamini hukumu yangu juu ya filamu yoyote ya lugha nisiyoijua, ingawa kwa bahati mbaya sijaacha kuitoa.

Sasa tuzitazame filamu mbili za kwetu zilizopita katika matamasha makubwa. Ya kwanza ni Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012. Mwigizaji wake mkuu, Joseph Wairimu, alipewa zawadi ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka uleule, na Kenya ikaipeleka filamu hiyo kuwania tuzo ya Oscar, ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na nchi ile. Mwas, kijana wa shamba mwenye tamaa ya kuwa mwigizaji, anakwenda Nairobi na kuangukia katika genge la wezi. Katika filamu hii husikika Kikuyu, Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na naweza kuthubutu kusema kwamba safari ya Mwas si ya kutoka kijijini kwenda mjini tu, bali ni ya kutoka lugha moja kwenda nyingine. Tazama jinsi ulimi wake unavyokuwa mzito mbele ya wenyeji wa mji, kisha unavyolegea, kisha unavyojifunza kudanganya. Kwenye maandishi ya chini hayo yote ni Kiingereza kimoja chenye rangi moja. Zawadi aliyopewa Wairimu ilikuwa haki yake. Lakini nashawishika kufikiri kwamba aliyepewa zawadi ni uso wake na mwili wake, na kwamba nusu ya kazi yake, iliyofanywa kwa ulimi, haikupimwa na mtu. Hasara hiyo haimhusu yeye peke yake. Mwigizaji kijana akiona zawadi huenda kwa uso, ataufanyia mazoezi uso.

Ya pili ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ilionyeshwa Toronto mwezi wa Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Riwaya ya Shafi ni riwaya ya sauti. Yasmin, Denge na Mwajuma twawajua kwa jinsi wanavyosema, na Kiunguja cha mitaani kimo humo kama kilivyo, pamoja na kejeli zake na viapo vyake. Filamu, kinyume chake, hunyamaza mara nyingi. Mvua, vichochoro, mwanga juu ya ukuta wa chokaa, hivyo ndivyo vinavyobeba hisia. Mwajuma, aliyeigizwa na mwimbaji Siti Amina, karibu ndiye peke yake aliyebaki na ulimi wa kitabu. Picha zake ni nzuri kupita nyingi nilizopata kuona zikitoka Tanzania. Hata hivyo najiuliza: kimya kile ni uamuzi wa msanii, au ni nauli ya safari? Kwani kimya hakihitaji maandishi ya chini, husafiri popote. Sina ushahidi, wala nisingependa kumsingizia mtu. Msanii ana haki ya kugeuza riwaya ya maneno kuwa filamu ya nuru, na huenda Shivji aliona kwamba maneno ya Shafi yako salama kitabuni. Nasema tu kwamba baada ya kuiona nilikwenda kukisoma kitabu tena, kwa ajili ya kusikia.

Lakini katika jambo jingine ushahidi ninao. Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliniletea filamu yake fupi ili nimpitishie maandishi ya chini. Alikuwa na siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya kuipeleka katika tamasha fulani la nje. Habari yake ni nyepesi. Mtoto wa mvuvi amerudi kwao kutoka mjini, amevaa vizuri, amelala mpaka saa nne. Mama yake anaingia, anafungua dirisha, anauliza, "Leo siku ya ngapi?" Kijana anajibu, "Ya tatu, mama." Mama anatoka bila kusema neno. Ndiyo kwisha.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Mama hakuitamka methali hata kidogo. Aliuliza hesabu tu, na kwa swali lile amemwambia mwanawe mambo mawili kwa pamoja: kwamba ainuke afanye kazi, na kwamba amekuwa mgeni nyumbani kwao. La pili ni zito kuliko la kwanza. Mshauri wa kigeni wa filamu ile alikuwa amesoma tafsiri, akaona mama anauliza tarehe, na akashauri onyesho likatwe kwa kuwa halina kazi. Au, alisema, mama amwambie mwanawe waziwazi atafute kazi. Kijana alikuwa tayari kulipiga picha upya. Aliniambia maneno ambayo bado yananiuma: kwamba siku hizi huandika kwanza kwa Kiingereza, ili ajue kitakachosomeka, kisha hukitafutia Kiswahili chake.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kama tafsiri ingekuwa mbaya tu, tungesema wageni wamekosa uhondo, na wenyeji wameupata. Lakini tafsiri ikianza kutangulia mazungumzo, wenyeji nao watapewa kile kilichobaki. Filamu itakuwa ya Kiswahili kwa sauti na ya Kiingereza kwa fikira. Mama zetu watasema waziwazi kila walitakalo, na mafumbo, vijembe, kauli zilizokatwa katikati, vyote ambavyo katika mazungumzo ya pwani ndivyo uhodari wenyewe, vitaondolewa kama miiba ya samaki kabla ya kumpa mtoto. Kila tarehe 7 Julai, tangu mwaka 2022, tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba juu ya kuenea kwa lugha yetu. Sijasikia hotuba hata moja juu ya Kiswahili kinachoandikwa ili kifasirike.

Ni hapa ninapoiona thamani ya Tamasha la Nchi za Jahazi, na ni thamani ambayo tamasha lenyewe halijitangazii vya kutosha. Toronto, Durban na Berlin zaweza kumpa mtengenezaji jina, lakini haziwezi kumpa bibi yule wa Ngome Kongwe aliyeuliza "Kasemaje?" Ni mahali pachache sana duniani ambapo waamuzi wa kimataifa huketi katika uwanja mmoja na umati ulioizaliwa lugha ya filamu, wakausikia ukicheka mahali ambapo maandishi hayana kitu. Kicheko kile ni hoja. Mwamuzi mwenye akili atauliza. Asiyeuliza hakustahili kuitwa. Aidha katika miaka ya 2010 tamasha liliwafungulia mlango watengenezaji wa filamu za Bongo na kuwatengea zawadi. Wasomi wengine walinung'unika kwamba kiwango kinashuka, na ni kweli kwamba nyingi zilikuwa zimeharakishwa. Lakini kwa masikio yangu, mazungumzo ya baadhi ya filamu zile za haraka yalikuwa hai kuliko ya filamu nadhifu zilizopita katika semina tatu za uandishi. Wale hawakuwa wakimwandikia msomaji wa maandishi ya chini. Walimwandikia jirani.

Mtu ataniambia kwamba tamasha la kimataifa haliwezi kuishi bila lugha ya kati. Nakubali. Bila maandishi ya chini, filamu ya Bara Hindi isingeeleweka Unguja, na mwamuzi kutoka Tunis asingekuwa na la kufanya ila kutazama bahari. Wala sisemi kwamba waamuzi wote wawe Waswahili. Nimekwisha kuona majopo ya watu wa nyumbani yanayopeana zawadi kama sahani za pilau. Lakini ni vyema kuwatazama wenzetu wa Ouagadougou. Tamasha lao lilianza mwaka 1969, na zawadi yake kuu, Farasi wa Yennenga, imetolewa tangu mwaka 1972. Mwaka 1997 ilichukuliwa na Buud Yam ya Gaston Kaboré, na mwaka 2025 na Katanga ya Dani Kouyaté, ambayo ni Macbeth ya Shakespeare iliyohamishwa ikasemwa kwa Kimoore. Kouyaté aliweza kuipeleka tamthilia ile kwa wakuu wasemao kwa methali kwa kuwa alijua kwamba uwanjani wapo watakaosikia. Hilo ndilo tamasha la nyumbani humpa msanii: humruhusu asijieleze.

Basi ningeomba mambo machache, yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, jina la mfasiri wa maandishi ya chini litajwe katika kitabu cha ratiba, karibu na jina la mwandishi, maana mwamuzi asiyejua lugha anawasoma wote wawili. Pili, jopo linalopima filamu za Kiswahili liwe na angalau mtu mmoja mwenye kazi ya kuwaeleza wenziwe kile kisichoandikika, na aulizwe kabla ya kura, si baada yake. Tatu, filamu za kigeni zinazopelekwa kwa watoto na kwa wanawake wa vijijini zipewe Kiswahili. Na kwa kuwa si wote wasomao kwa haraka, pengine msimulizi wa kibanda, aliyefunzwa kujizuia kidogo, angefaa kuliko mistari miwili ya maandishi. Nalitaja jambo hili nikijua kwamba wapenda sinema watakasirika.

La nne latuhusu sisi. Kila filamu inapotengenezwa huandaliwa orodha ya mazungumzo, neno kwa neno, pamoja na tafsiri yake na saa ya kila sentensi. Orodha hizo, filamu ikishamaliza safari zake, aghalabu hupotea. Kwa mwanaisimu ni hazina: Kiunguja, Kimvita, Kiswahili cha Kongo na Sheng, vyote vikisemwa katika mahali panapojulikana na baina ya watu wanaojulikana, na kando yake Kiingereza kinachoonyesha ni nini kilichoachwa. Nimeanza kuzikusanya, na mpaka sasa ninazo 11, nyingi za filamu fupi. Kijana wa siku ya tatu alinipa ya kwake. Hakulikata onyesho, tulikesha tukitafuta maneno, tukaishia kumfanya mama aulize kwa Kiingereza kama leo ndiyo siku ya jembe, jambo ambalo si sahihi, kwani sasa methali imetamkwa nusu na kijembe kimepungua makali. Msomaji mwenye shauri bora zaidi, lisilozidi herufi 40, au mwenye orodha ya mazungumzo ambayo mwenyewe yu radhi itumiwe, nitashukuru aniandikie kwa kupitia kwa mhariri.